Dumu Jekundu Alilobeba Msengi

Nyanungu, Tarime

Mama yangu,

Shikamoo. Najua utaipokea barua hii ukiwa umesimama mlangoni, na utataka kuifungua hapo hapo. Kaa kwanza. Mpe Msengi maji ya kunywa, katoka mbali, na anarudi kwao kuvuna, hana muda. Hilo dumu jekundu alilobeba ni lako. Ni tupu, halijawahi kutiwa kitu chochote. Kazi yake nitakueleza.

Mgongo unaendeleaje? Na alizeti je, imeinamisha vichwa au bado inaangalia jua? Huku watu wanalima mahindi na kuchunga ng'ombe, na ninaweza kutembea asubuhi nzima nisione ua moja la njano. Ni jambo dogo, lakini sisi tuliokulia Iramba tunaliona. Mimi afya yangu ni nzuri, namshukuru Mungu. Chakula nakula. Kinachonisumbua ni upweke, nakuambia wazi kwa kuwa wewe sikufichi.

Unakumbuka nilikuambia kwamba siku hizi sishuki shimoni. Mwenye duara, yule mwenye shimo tunalochimba dhahabu, kanipa kazi ya kununua na kutunza mafuta ya mashine. Kuna pampu inayonyonya maji, na kuna jenereta inayozungusha feni ya kupeleka hewa chini. Mafuta mabaya yakiingia, mashine inakohoa mara mbili tatu na kuzima, na walio chini ndio wanaojua maana yake. Ndugu zangu nyumbani wanasema nimepata kazi ya kukaa. Ni kweli nakaa. Nakaa peke yangu.

Kibanda cha mafuta hakiwezi kuwa karibu na jiko wala karibu na wavuta sigara, kwa hiyo kimejengwa kule mwisho, kwenye kivuli, na ndimo ninamolala ili wezi wasibebe. Moto marufuku, koroboi marufuku. Jioni wenzangu wanaota moto na kupiga hadithi, wengine kwa Kikurya, wengine kwa Kijaluo, na mimi nawasikia wanacheka nisijue wanacheka nini. Siku moja nilikwenda nikakaa nao. Mmoja akasema, "Wewe kaa kule, nguo zako zitadaka moto utuunguze wote." Alisema kwa utani, na wengine wakacheka, lakini hakuna aliyesogea kunipa nafasi. Sikurudi tena.

Hata Mama Boke anayetupikia, mama mwenye moyo mzuri sana, haji kwangu. Anasimama katikati ya njia na kuita, "Mura, njoo uchukue ugali wako. Mimi huko siendi. Nikirudi na hiyo harufu hata ng'ombe wangu watanikataa." Mura ndivyo wanavyomwita kijana, ingawa mimi ujana umeshaniaga. Nacheka naye kidogo, nachukua sahani, narudi. Mpaka nifike ugali umepoa.

Wiki iliyopita walinuna wote. Kuna mtu alileta petroli ya bei rahisi kwenye madumu, eti ya kutoka upande wa mpakani. Nilifungua moja nikanusa, nikasita. Nikamimina kidogo kwenye chupa nyeupe nikaiacha itulie, na maji yakashuka chini yakajitenga, unayaona kwa macho. Nikakataa. Kwa kuwa nyingine hatukuwa nayo, kazi ilisimama siku nzima, na siku ambayo kazi imesimama hakuna anayepata kitu. Hakuna aliyenitukana. Walinipita tu kama mti. Nikakaa kibandani nikijiambia kwamba wewe ungenielewa, maana pua hii si yangu, ni yako. Wewe ndiye uliyetukalisha mimi na Naomi mbele ya madumu ya alizeti tukiwa wadogo, ukatufumba macho na kitenge chako, ukatuuliza yapi ni mapya, yapi yamekaa, yapi yameanza kuchacha. Petroli nayo iko hivyo hivyo. Ikikaa miezi mingi inaacha ukali wake, inanuka kama rangi ya mlango iliyozeeka kwenye kopo. Wengine huku wanaona ni uchawi. Mimi najua ni darasa la mama muuza mafuta.

Sasa Mama, nifike kwenye kilichonifanya niandike.

Jumapili nilimpigia Shila. Simu yako huwa iko kwake kinyozini inachajiwa, kwa hiyo kila nikikutafuta nampata yeye. Nikamuuliza ile jenereta niliyomletea ya kuendeshea mashine za kunyolea inaendaje. Akasema inaenda vizuri, na petroli yake anaiweka chumbani kwako kwa sababu ndicho chumba pekee chenye kufuli. Nikamuuliza anaiweka kwenye nini. Kwenye dumu la njano, akasema, yale yale ya kwako. Kisha akaanza kucheka. "Kaka, Mama amezeeka bwana. Juzi alitaka kukaanga mandazi kwa petroli. Kafungua dumu, kanusa, kaona sawa, akaja nalo jikoni. Ningechelewa kidogo tu."

Yeye alicheka. Mimi nilikaa chini.

Hukuzeeka, Mama. Mtu aliyezeeka anasahau kunusa. Wewe ulinusa.

Nimelala na neno hilo kila siku tangu Jumapili. Nimekumbuka ile homa ya kifua iliyokulaza muda mrefu, na jinsi Krismasi maharage yalivyoungua huku umekaa karibu na chungu, ukasema ulikuwa na mawazo. Nimekumbuka Naomi akikuletea dumu la mteja na wewe ukimwambia, "Nusa wewe kwanza, mimi mafua." Mafua gani hayo ya mwaka mzima? Nadhani pua yako haisikii tena, na nadhani unaficha kwa sababu wateja wanakufuata kwa ajili ya pua hiyo. Wakijua imekufa watakwenda kwingine. Naelewa. Lakini ni wewe uliyetufundisha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo chenyewe kiko chini ya kitanda chako, kwenye dumu linalofanana na mengine yote, na wewe unaingia mle na koroboi kusoma Biblia.

Ndiyo maana barua hii nimemwambia Msengi akupe mkononi, si kwa Shila. Hakuna ninayemweleza. Ila leo, kabla hujawasha moto wa jioni, mwambie Shila alitoe lile dumu mchana huu huu, milango ikiwa wazi, na petroli aihamishie kwenye hili jekundu akiwa nje uwanjani. Asilijaze mpaka mdomoni, jua likipiga mafuta yanavimba yanahitaji nafasi. Alifunge vizuri, aliweke kwenye kile kibanda cha zamani cha mbuzi, kwenye kivuli, atie kufuli yake mwenyewe. Anunue ya kumtosha siku chache, si ya mwezi. Na jenereta aiache ipoe kabla hajaiongezea. Akilalamika kuhusu wezi, mwambie kaka yake kasema heri kuibiwa. Dumu la njano lililotiwa petroli litobolewe, lisirudi kwenye alizeti kamwe.

Nimechagua jekundu, tena la chuma, ili jicho lako likuambie, na hata gizani mkono wako ukuambie. Na siku ukiwa na shaka na mafuta yoyote, nenda nje, mbali na moto, chovya kidole kimoja. Petroli inakauka hapo hapo na kuacha ubaridi. Alizeti inabaki inateleza. Mafuta ya taa nayo yanabaki na utando. Mimi mwenyewe siku nikiwa na mafua ndivyo ninavyofanya. Na kwa wateja, mwache Naomi anuse, pua yake uliifundisha wewe, kwa hiyo bado ni mafuta yako. Halafu muende naye hospitali, mseme ukweli wote tangu ile homa.

Mwenye duara kaniambia akipata mtu wa kunishikia kibanda ataniruhusu nije. Nimeanza kumfundisha mmoja kunusa. Bado anakosea.

Nisalimie Naomi dada yangu na mume wake, wala usimwambie kwamba nimemsifu. Msalimie Baba Mdogo Kitundu, mwambie nimesikia amenunua jembe la ng'ombe na ninamwonea wivu. Msalimie mama mchungaji, aendelee kunitaja kwenye maombi. Shila usimgombeze sana, hakujua, naye ndiye aliyekuwahi.

Kuna moja limebaki, na nimezungusha kalamu kabla ya kuliandika. Krismasi nilipofika, kwenye basi mtu niliyekaa naye alihama kiti. Watoto wa Naomi walinikimbia wameziba pua. Wewe ulinikumbatia pale mlangoni, ukaweka uso wako shingoni kwangu, ukakaa hivyo kwa muda mrefu. Nilirudi huku nikiwa nimebeba hilo. Kila jioni nikikaa gizani na madumu yangu, najiambia yuko mtu mmoja duniani ambaye hakuisikia harufu yangu kwa sababu ananipenda. Jumapili nimejua ni kwa sababu gani hukuisikia. Nisamehe Mama, nililia, na sijui kama nilikulilia wewe au nilijililia mimi.

Nenda hospitali. Wakikutibu ukapona, nikija unisimamishe pale pale mlangoni, uzibe pua, uniambie nikaoge kwanza. Nitaoga kwa furaha.

Mwanao,
Mkumbo