Wageni Watatu Tu

Jumatatu, 2/9/2024
Mazoezi, mvua. Kocha Onésphore ametuletea sheria mupya ya ligi: kila timu, wageni watatu tu. Na watatu tuko nao tayari. Mi na mudogo wangu Belise kadi zetu ni za Congo bado. Tangu tumuzike Baba tunakaa Mbugangari, huku Rwanda, lakini kadi zilitosha kuvuka mupaka pa Petite Barrière, nani alijali? Sasa eti wageni!

Kocha alikomaa Tanzania. Anasema mcheza kwao hutunzwa, baba yenu alikuwa Mnyarwanda, ndugu yake asaini karatasi kama muko watoto wake. Mwisho Ijumaa.

Bon. Nimefua soksi.

Jumanne, 3/9
Belise hana wasiwasi. Zamani watu wa hapa walisema chenga zake ni maringo ya Goma. Sasa wasichana wote wa timu wanazipiga. Robinah anaita mupira kwa Kiingereza cha Uganda, kocha anafoka kwa Kiswahili safi, sisi tunatukanana kwa Kinyarwanda. Na tunashinda!

Nimemuuliza Mama kama baba mudogo atakubali. Amesema maharage inaungua. Haikuwa inaungua.

Jumatano, 4/9
Hakuna kitu. Mama hakukula.

Alhamisi, 5/9
Mudende, ofisi ya sekta. Belise alibaki nje, anapiga danadana — ofisi zinamupa usingizi.

Baba mudogo Bizumuremyi alitoka shambani, udongo wa viazi mupaka magoti. Alinikumbatia. Karatasi mbili mezani. Ya kwangu alisaini mbio. Ya Belise aliisoma pole pole, akaweka kalamu chini.

Karani akauliza: na hii?

Akasema kama mutu anataja bei ya viazi: huyu si wa kaka yangu. Kaka alikuwa Kampala mwaka muzima, akirudi anakuta mimba. Alimulea, sawa. Lakini mi siwezi kuapa uongo mbele ya serikali.

Nilingoja machozi. Hapana. Nilikunja karatasi zote mbili tu.

Donc mi ni Mnyarwanda. Belise ni mugeni wa ine — hachezi. Na hajui kwa nini. Mama anajua. Mungu wangu, Mama alijua tangu Jumanne!

Tuko kwa takisi, tunarudi. Naandika juu ya magoti, nimegeuzia daftari dirishani. Belise anaimba. Anasema, dada, Baba angefurahi, eh? Binti zake wawili, lisansi mbili za kuchezea, jina yake moja.

Nimejibu ndiyo.

Sasa ananyoosha mukono. Anasema, bon, leta karatasi yangu nione vile ameandika.