Jina Chini ya Bakuli

Kwamboka mjukuu wangu,

Huku Tabaka tu wazima, na babu yako bado anagombana na ng'ombe wa jirani. Umeniandikia kuhusu ripoti yako ya kazini, ukaniuliza kama niliwahi kuogopa kusema, "Kazi hii ni yangu." Niliogopa sana.

Nilipoolewa hapa, wanaume ndio waliochonga mawe ya sabuni, yale laini ya vinyago na mabakuli, sisi wanawake tukayasugua kwa msasa na maji hadi yang'ae. Niliwasugulia wanaume wanne, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama najua kuchonga. Nilijifunza kwa kuwatazama. Siku moja nikachonga bakuli, nikaogopa kulionyesha, nikaliweka kati ya yale ya shemeji yangu. Akaligeuza, akachora jina lake chini kwa msumari, akamwambia mnunuzi, "Hili ndilo bora kuliko yote."

Mpaka leo nikikumbuka nakasirika. Lakini woga uliniisha pale pale, maana aliyelisifu hakujua ni langu.

"Shemeji, hilo ni langu."

Akacheka. "We mke wa ndugu yangu, tangu lini wanawake wakachonga?"

"Basi keti hapo unitazame."

Nikachukua jiwe na kisu, nikachonga la pili mbele yao wote, pacha wa lile la kwanza. Hakuna aliyecheka tena. Kisha nikachovya msasa majini, nikalisugua jina lake likaisha. Si kusugua ndiyo kazi waliyonipa? Nikachora langu: Bosibori.

Hiyo ripoti yako ipeleke kwa bosi ikiwa na jina lako juu.

Nyanya yako, Magokoro