Toleo la Nane

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Bosi Onesphory kaamua. Nasma ndiye atakayekwenda Muleba kusakinisha programu ya maabara ya hospitali. Programu niliyoiandika mimi. Yeye kaja juzijuzi tu kutoka Mwanza, kaibadilisha sura, kaihamishia kwenye fremuweki mpya, ule msingi ambao programu haiwaki bila kuwekwa kwenye kompyuta, toleo la nane — sasa ofisi nzima wanaiita kazi ya Nasma. Wanasifia rangi. Rangi tu.

Jumanne, 7 Oktoba
Nasma kaja mezani kwangu na vikombe viwili vya chai. Dada Alistidia, kompyuta za kule zina fremuweki gani? Nikamwambia ziko sawa, nenda tu.
Haziko sawa. Zina toleo la sita, nililiweka kwa mkono wangu. Bila la nane programu yake haifunguki, na intaneti ya kulipakua kule ni shida. Ilitosha kumwambia alibebe kwenye flashi. Sikumwambia.
Chai nimeinywa yote.

Jumatano, 8 Oktoba
Kaondoka asubuhi na gari la ofisi. Kiti cha mbele. Mimi sijawahi kupewa gari lile.

Kabla ya mchana kapiga simu. Kompyuta inasema fremuweki inayohitajika haipo. Kupakua kwa simu kajaribu, mtandao unakatika. Na programu ya zamani ameshaiondoa — hilo sikulifikiria. Majibu ya wagonjwa hayafunguki. Kuna mama wa Kamachumu anasubiri upasuaji, kundi lake la damu limo humo ndani, inabidi apimwe upya. Mkuu wa maabara, mzee Kahangwa, anafoka.

Nikasema nitaangalia. Nikakaa tu.

Kisha nikamsikia bosi akiongea naye. Anambembeleza. Pole Nasma, usijilaumu, yatakwisha. Miaka yote niliyokaa hapa, nani kanibembeleza hivyo? Alipokata akanigeukia: wewe, peleka hilo toleo la nane Muleba, sasa hivi.
Wewe. Jina sina.

Jumatano hiyohiyo, Muleba
Nimelisakinisha, programu ikafunguka papo hapo. Yule mama wameshampeleka chumba cha upasuaji, kachelewa sana. Mumewe yuko hapo mlangoni, kofia mkononi. Simtazami.

Kahangwa kamshika Nasma mikono yote miwili, asante mwanangu. Mimi kanipa salamu.

Nimekaa benchi la nje. Nasma yuko dirishani, anaongea na bosi kwa simu. Namsikia. Hapana bosi, sikumuuliza mtu. Nilipaswa kukagua mwenyewe. Kosa langu.

Aliniuliza. Anakumbuka vizuri kabisa, maana aliposema hivyo alinitazama mimi.
Hata katika hili kanipita.

Amekata simu. Kaja kukaa benchi hilihili, karibu, bega kwa bega. Naandika tu ili nisiinue macho —