Mwimbaji ni Hibo, eti

Kaltum, nimetoka tu kwa holi ya Rangwe.

Simeon ameonyesha ile sinema yake ya wanafunzi na mashetani. Unakumbuka ule wimbo wa benga wa zamani tuliougeuza roki kwa hiyo sinema, nikaurekodi kwa mayowe mpaka sauti ikapotea siku tatu?

Mwisho wa sinema wameandika mwimbaji ni Hibo. Hibo, mchumba wa Simeon.

Akamwita mbele: "Sauti yetu ndio hii." Sauti yetu.

Nikainua mkono, nikasema tunaomba atuimbie kidogo. Abdikarim wa bendi yetu akachomeka gita, akaanza. Hibo akafungua mdomo, hakuna kitu. Holi nzima inangoja. Mimi nakula njugu.

Sasa Simeon ananibembeleza niimbe Jumamosi wakionyesha Migori. Nimemwambia aulize sauti yao.