Mnazi wa Kona ya Kisimani

Jumatatu, 9 Septemba
Nimemwagilia kabla jua halijawa kali. Bamia zimeshika, mchicha ndiyo kwanza unachungulia. Mgongo unauma. Alhamisi anakuja tekniko, mpimaji wa ardhi wa serikali, kutoka mjini Palma. Akikubali, bustani hii ni yetu wanawake, kwa karatasi. Akikataa, watapewa wenye malori wanaotaka pa kuegesha. Mashamba yetu ya zamani yako ndani ya uzio wa mradi wa gesi, Afungi. Hatuna pengine pa kulima.

Alhamisi, 12 Septemba
Kaja. Mpole, viatu safi. Kasifu matuta, kasifu kisima. Halafu akaiona miche ya minazi pembezoni, uso ukambadilika.
"Mama, hapa mnalima mboga au mnalima fidia?"
Nimekasirika. Wapo waliochomeka miti ovyo waliposikia mradi unalipa kila mti, sikatai. Sisi tulipanda kuonyesha mpaka, kama mama zetu. Shamba lisilo na mnazi nani atajua lina mwenyewe? Hakutaka kusikia. Mboga za msimu tu. Miti yote itoke kabla hajarudi Jumanne.

Ijumaa, 13 Septemba
Kikao baada ya sala. Wote wamekubali kung'oa. Na mimi nimenyoosha mkono. Somoe, jirani yangu tangu kijiji cha zamani, akaniangalia tu. Anajua.
Mche wa kona ya kisimani si wa mpaka. Kitovu cha mjukuu wangu Salima kilipodondoka nilikizika pale, nikapanda mnazi juu yake. Changu kimezikwa kule ndani ya uzio, chini ya mnazi ambao sijui kama bado umesimama. Ua wa nyumba tuliyopewa tulipohamishwa sikuuamini. Bustani niliiamini.

Jumapili, 15 Septemba
Miche yote imetoka. Umebaki wangu. Nina hasira na yule bwana, na uzio, na mimi mwenyewe.
Jioni Somoe kaja na jembe begani.
"Shoga, n'kung'olee mie?"
"Wacha. N'tang'oa mwenyewe."
Mizizi ilikuwa imeshashika. Nimekata kwa panga, kitovu nimekiacha palepale. Nimelia mbele yake, sikuona haya. Binti yangu, mama yake Salima, sijamwambia.

Jumanne, 17 Septemba
Tekniko kazunguka, kapima, kaandika. Pale kisimani kakanyaga udongo uliotifuliwa, akapita. Amesema tumefanya vizuri.

Ijumaa, 4 Oktoba
Karatasi imefika. Ina muhuri. Wenzangu wamepiga vigelegele, Somoe kacheza mpaka kanga ikamvuka. Nimefurahi. Si sana.
Jioni nimemwagilia. Kwenye ile kona nimepanda bamia, zimeota zote. Salima ameanza kukaa. Nimemkalisha kando ya tuta, akachota udongo akautia mdomoni. Nimemfuta. Akikua akaniuliza kitovu chake kiko wapi, nitamwonyesha bamia.