Baba, Shamba la Mwamanyili Sitalichukua

Baba yangu,

Mwadila. Najua ulipo huwezi kuitikia, lakini wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mtu hafungui neno kabla hajasalimia, hata kama amekuja kugombana. Nami leo nimekuja kugombana.

Naandika nikiwa hapa Bariadi, sebuleni kwa mama. Keshokutwa Jumamosi ndugu zako watakaa kikao kusikia jibu langu kuhusu wosia wako, na barua hii nitamwachia baba mdogo aisome mbele ya wote kwa sauti. Baba mdogo, usome yote. Usiruke pale nilipokutaja.

Siku ya kumaliza matanga baba mdogo ndiye aliyesimama na ile karatasi ya wosia. Ng'ombe kwa kaka, nyumba ya mjini kwa mama. Halafu akakohoa kidogo na kusoma taratibu: "Shamba la ziwani, kule Mwamanyili, apewe binti yangu, akiacha maji." Ukumbi mzima ukageuka kulitazama goti langu nililoumia kazini, lililofungwa bandeji, kana kwamba goti limeshajibu kwa niaba yangu. Shangazi akashusha pumzi, akasema, "Afadhali." Nilinyamaza kwa heshima ya msiba. Sasa msiba umekwisha, nasema.

Kwa wale wa kikaoni ambao mpaka leo wanadhani mimi ni mvuvi: kazi yangu ni kusimama juu ya ubao baharini na kuteleza na wimbi mpaka life. Nalipwa kwa hilo. Nimekuwa bingwa mara tatu. Kazi hiyo imenifikisha Kenya, Msumbiji na Afrika Kusini, na mfuko wa ubao ni mrefu kuliko mimi, hata siku moja askari wa kiwanja cha ndege akaniuliza kama nimebeba maiti. Nikamwambia ni mume wangu, na hakucheka.

Wewe unajua ilianzia wapi. Ilianzia kwenye shamba hilohilo unaloninyima. Nilikuwa na miaka kumi, nimetumwa kuchota maji, nikaokota kipande cha ubao wa mtumbwi uliovunjika. Mchana upepo ukikaza, ziwa letu nalo hutoa mawimbi, madogo lakini yana haraka. Nikalala juu ya ubao, kesho yake nikapiga magoti, na baada ya siku nyingi za kumeza maji nikasimama. Ukanikuta nimesimama. Ulikuwa unatoka kupalilia pamba, jembe begani, na nilikuona vizuri, baba: hukukasirika kwanza. Ulisimama ukatazama wimbi zima mpaka likafika nchi kavu. Halafu ukakumbuka kwamba wewe ni mzazi.

"Toka huko! Mamba hana habari na ushujaa wako!"

Ulinichapa kwa bua la pamba, na ubao wangu ukaugeuza mlango wa banda la kuku. Niling'oa mlango huo mara tatu. Kila ulipoona kuku wanazurura jioni, ulijua pa kunitafuta.

Nilipomaliza kidato cha nne nikaenda pwani kufanya kazi kwenye hoteli ya ufukweni. Huko mama mmoja aliyefundisha wageni kuteleza aliniona natazama sana, akaniambia nimalize mashuka kwanza, ubao baadaye. Nilimaliza mashuka. Wewe ukawaambia watu mnadani kwamba binti yako alikwenda kufua mashuka ya Wazungu, akaondoka na wazimu wao.

Lakini siku moja ya mashindano ulikuja. Nilikutumia nauli, nikasema njoo uone mwenyewe kabla hujanihukumu, nawe ukaja umevaa koti lako zito kwenye lile joto.

Hapa ndugu zangu wananielewa kuliko watu wa pwani. Kwetu ngoma mbili huchezwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, hii upande huu, ile upande ule. Mshindi ni yule ambaye watu wamemkimbilia. Wewe ulikuwa ningi, kiongozi wa ngoma ya majembe, kwa miaka ishirini. Nimekuona ukirusha jembe juu, likazunguka, ukalidaka bila kutazama, na watu wakaihama ngoma ya pili wakiwaacha wapiga ngoma wake wametumbua macho. Kwako huo ndio ushindi, na hukuwahi kuona mwingine.

Sasa ukafika ufukweni, ukatukuta wasichana wawili majini kwa wakati mmoja. Watazamaji wote walikuwa upande wa mwenzangu, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na muziki na vinywaji baridi. Upande wangu hakuna mtu. Ukamwona mwanao anacheza peke yake, na moyo wako haukuvumilia.

Ulivua viatu, ukaazima kasia kwa mwenye boti, ukaanza. Kutoka majini nilisikia sauti yako kabla sijakuona. "Huku! Huku! Ng'wanone, mwanangu, yuko huku!" Ukarusha kasia, ukalidaka, ukapiga magoti mchangani, ukainuka, ukaimba Kisukuma chote unachokijua. Watu wakaja kweli, wanacheka, simu juu, wageni kwa wenyeji. Nami nikakosa wimbi zuri kwa kukutazama.

Nilishinda hata hivyo. Nilipotoka majini dada mmoja mwenye kamera akanikimbilia. "Yule mzee ni nani?"

Nikasema, "Simjui."

Ulikuwa nyuma yangu, hatua mbili, umeshika kasia la watu.

Nimeliandika ili lisomwe kikaoni, kwa sababu sijawahi kulisema. Nilikuwa na miaka ishirini na nne na nilitaka nionekane mtu wa pwani tangu kuzaliwa. Naona aibu, baba. Naona aibu sasa kuliko siku ile.

Kesho yake stendi hukulitaja. Ulisema, "Kombe wamekupa, lakini watu walikuwa kwa yule. Nilijaribu kukuitia."

"Baba, hii si ngoma. Kuna majaji, wamekaa chini ya turubai, wao ndio wanaotoa alama."

"Wangapi?"

"Watano."

"Na hao watano wakisinzia?"

Ulipanda basi, na tangu siku hiyo hukuuliza tena habari za mashindano. Nikipiga simu uliniuliza mvua.

Sasa nisikilize. Naamini lile neno "akiacha maji" hukuliandika kwa hofu ya mamba wala kwa ajili ya goti. Uliliandika kwa sababu ya "simjui" yangu. Uliona maji ndiyo yaliyonifanya nimkane baba yangu. Hapana. Aliyekukana ni mimi, kwa ulimi wangu, nikiwa nimesimama nchi kavu. Makosa yangu na kazi yangu umevifunga kamba moja, nami nakataa kufungwa hivyo. Kwa ulimi wangu naomba radhi, na baba mdogo akifika hapa wote waliokaa kikaoni wajue kwamba nimepiga magoti. Kwa maji sipigi magoti kwa mtu.

Tena wewe ndiye wa kuniwekea sharti? Wewe? Babu alikuwa mwinjilisti, akasema ngoma ni ya shetani, akakuambia uchague ngoma au nyumba yake. Ulinisimulia mwenyewe huku unacheka mpaka machozi: ulifunga virago, ukaenda kuishi kwa mpiga ngoma wenu kule Sapiwi msimu mzima, ukimlimia pamba mchana na kucheza jioni. Babu alikufa hujaacha. Ukaidi huu hukuuona ukitoka kwako? Baba mdogo, hapo usicheke, nawe ulikuwa unampelekea chakula kwa siri.

Shamba nalitaka. Nisidanganye mbele ya watu. Nalitaka sana kuliko kombe lolote. Nalijua kila jiwe pale pamba inapoishia na maji yanapoanzia. Ungeniachia bila sharti, ningejenga chumba kimoja na kuwafundisha wasichana wa pale kuogelea, maana wanachota maji kila siku na wengi wao hawajui. Lakini kwa bei uliyoiweka silichukui. Walilime watoto wa baba mdogo. Wapande pamba, wapande mpunga, wasiliache pori tu.

Wiki ijayo kuna mashindano. Daktari amesema goti litastahimili, ingawa alilisema akitazama pembeni. Nina miaka thelathini na tatu, na wasichana nitakaoshindana nao wana kumi na nane na hawajui maumivu ni nini. Huenda nikatolewa raundi ya kwanza. Sawa. Nitolewe nikiwa majini, na wenye alama zao, si kwa karatasi iliyosomwa matangani.

Asubuhi ya leo nilimsomea mama barua hii yote, kwa kuwa sikutaka aisikie mara ya kwanza mbele ya mashemeji zake. Alikuwa anachambua mchele. Pale kwenye "simjui" mikono yake ilisimama, kisha ikaendelea. Nilipomaliza akaingia chumbani. Nikajua nimemuumiza. Nikabaki nimekaa na karatasi zangu, nikifikiria kuzichana.

Akatoka na lile sanduku lake la harusi, amefunga kitenge kipya.

"Basi linaondoka saa ngapi?"

"Mayu, Jumamosi kuna kikao. Watauliza uko wapi."

"Miaka ishirini baba yako anacheza, mimi nilikuwa jikoni nawapikia wachezaji. Sijamwona akishinda hata siku moja. Nilikuwa nasikia kelele tu." Akaliweka sanduku karibu na mlango. "Wewe nitakuona."

Basi, baba, pumzika. Tiketi ni mbili, gari ni la alfajiri ya kesho. Wa kikaoni wasitusubiri.

Binti yako