Mkwe Asiyeonja Mbele Yangu

Nkende,
S.L.P. 118,
Tarime.
10 Novemba 2024

Mpendwa Kaka Batholomeo,

Shikamoo kaka. Kabla ya lolote nataka habari za goti lako. Uliandika kwamba baridi ya Songea imelishika na ngazi za kanisani sasa unazipanda kwa kupumzika. Je, limelegea? Na wifi Mokami hajambo? Mwambie mbegu za mnavu alizonitumia zimeota, na kuku wa jirani wamezigundua kabla yangu.

Huku tu wazima, Mungu anatulinda. Mvua imekuja mapema, na dada Rhobi anasema shamba lake la wimbi kule Nyansurura limesimama vizuri. Mimi mwenyewe sina homa wala kikohozi. Presha inapanda nikisoma magazeti tu, na hilo unalijua.

Sasa nije kwenye barua yako ya Agosti. Uliniandikia sentensi moja ambayo nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyostahili: "Veneranda, umesoma sana mpaka umesahau kwenu." Nilikasirika, kaka. Niliandika majibu ya kurasa sita, nikayachana. Leo nakujibu nikiwa nimetulia, maana mambo yametokea, na ni haki uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa watu wanaoongeza chumvi.

Unakumbuka Magige, mume wa Ester wangu, alivyoacha machimbo ya Nyamongo na kujiandikisha chuoni kwetu kujifunza upishi. Wewe ulisema aende chuo cha Mwanza, kwa sababu mkwe hawezi kusimama jiko moja na mama mkwe wake. Mimi nikasema Mwanza ni mbali na mtoto wao bado ananyonya. Nikasema pia, mbele ya walimu wote, kwamba jikoni hakuna mkwe, kuna mpishi. Nililipenda sana neno hilo. Nililirudia hata kanisani.

Basi akaanza. Alichagua jiko la mwisho, karibu na mlango, na mimi nikapita nikifundisha sosi na michuzi kama ninavyofundisha wengine. Darasa hilo ni langu, kaka. Unajua nilivyolipigania miaka tisa, wakati wapishi waliotoka hoteli kubwa walipoambizana kwamba mwanamke wa Tarime afundishe kuosha vyombo.

Kwangu Magige akawa anapata arobaini. Mchuzi wake leo hauna chumvi kabisa, kesho huwezi kuumeza. Kwa Mwalimu Limbu, anayefundisha nyama na samaki, kijana huyohuyo anapata themanini. Unamfahamu Limbu kwa barua zangu, yule Msukuma wa Kahama aliyekuja kutafuta dhahabu, akaishia kuwapikia wachimbaji, na leo ndiye mpishi bora niliyewahi kusimama naye.

Nikajua nimepata jibu. Nikasema huyu ni mwanaume wa Kikurya, hataki kufundishwa na mwanamke. Nikamshambulia. Siku moja niliinua kijiko chake juu darasa zima lione, nikamuuliza, "Magige, huu ni mchuzi au ni Ziwa la Chumvi?" Wanafunzi wakacheka mpaka mmoja akaangusha sufuria. Yeye akatazama viatu vyake, akasema, "Samahani mwalimu."

Limbu ndiye aliyenifungua macho, tukiwa tunakunja aproni. "Mwalimu," akasema, "wewe umesoma vitabu vyote vya duniani, lakini mkwe wako humtazami. Haonji."

"Haonji nini?"

"Chochote. Ukiwamo wewe jikoni, kijiko hakifiki mdomoni. Ukitoka kwenda stoo, anaonja kama mtu anayeiba. Kwangu anaonja mpaka namwambia abakize ya wateja."

Kaka, nilikaa chini juu ya gunia la viazi. Ile insoni yetu, ile haya inayomkataza mkwe kula mbele ya mama mkwe! Miezi mitatu alikuwa anapika mbele yangu kama kipofu, anatia chumvi kwa kukisia. Na mimi, niliyezaliwa humu na kuzikwa nitazikwa humu, nikaambiwa na mtu wa Kahama.

Mtu mwenye busara angeishia hapo. Mimi sikuishia. Nilijiambia kwamba mpishi asiyeonja si mpishi, na hapo bado sijabadilika. Mtihani wa vitendo ulikuwa umebaki wiki tano. Kanuni inasema mwalimu wa somo anasimama ndani, na mtahiniwa anaonja mbele ya msimamizi kabla ya kupakua. Asipoonja anaanguka. Akianguka, ile nafasi aliyoahidiwa kwenye kambi ya watalii Serengeti inakwenda kwa mwingine, naye anarudi kwenye mashimo. Mwaka jana shimo moja lilimeza wenzake wawili. Ester hajalala vizuri tangu siku hiyo.

Kwa hiyo asubuhi iliyofuata nilisimama mbele ya jiko lake, nikampa kijiko safi, nikamwamuru, "Onja."

Alikishika. Akachota. Sosi ikadondoka kwenye kiatu chake. Kisha akakiweka kijiko mezani taratibu, akavua aproni, akaikunja vizuri kama tulivyomfundisha, akatoka. Jioni nikasikia ameonekana Nyamongo.

Ester alikuja kesho yake na mtoto mgongoni. Hakunisalimu. Alisema, "Mama, umemrudisha mume wangu shimoni kwa kijiko."

Nimebishana na maofisa, na wachungaji, na wahariri, na wewe. Kwa mwanangu sikubishana, nilikwenda kumtafuta Limbu.

Mimi mwenyewe nisingeweza kumfuata, ningezidisha aibu. Limbu akapanda bodaboda akaenda. Anasema alimkuta Magige amechafuka vumbi jeupe mpaka kope, akamwambia, "Wewe, mimi nilikimbia huku nikaenda kwenye sufuria, wewe unakimbia sufuria unakuja huku. Nani kati yetu ana akili?" Wachimbaji wakacheka. Magige hakucheka. Alimpa Limbu ujumbe, na Limbu aliniletea neno kwa neno: "Mwambie mama simdharau, na wazee siwaogopi. Lakini duniani kuna mtu mmoja tu ninayemwonea haya, aliyenipa mke. Nikiiacha haya hiyo kwa sababu ya cheti, mke wangu atanijuaje?"

Nililitafakari neno hilo siku mbili, kaka. Nililitafutia kasoro, maana hiyo ndiyo kazi yangu, na nilizipata mbili tatu. Lakini nilikumbuka wanaume ninaowafahamu hapa mjini ambao hawamwonei haya mtu yeyote, na jinsi wake zao wanavyoishi. Kasoro zangu zikawa ndogo.

Usifikiri umenishinda! Mila ya kuwakeketa watoto wa kike nitaipiga vita mpaka nishushwe kaburini, na anayesema mila ni mila, zote zibebwe au zote zitupwe, huyo ni mvivu wa kufikiri. Tuna vichwa vya kuchambulia. Mchele tunauchambua kila siku, hatuutupi wote kwa ajili ya mawe wala hatuyali mawe kwa heshima ya mchele. Hii ya Magige nimeichambua, nikaona si jiwe.

Basi nilikwenda kwa mkuu wa chuo nikamwomba Limbu achukue darasa la sosi, nami nichukue mikate. Mkuu alidhani namtania. "Wewe Veneranda? Uache sosi?" Nikamwambia aandike haraka kabla sijabadili mawazo. Wapishi wale wa hotelini walinong'ona kwamba nimeshindwa kumfundisha mkwe wangu. Nimewaacha wanong'one. Hilo, kaka, ndilo jambo gumu kuliko yote niliyoyafanya mwaka huu, na nakuomba ulithamini ipasavyo.

Magige alipopelekewa habari na Limbu, alirudi Jumatatu. Limbu alimkabidhi vijiko kumi akamwambia, "Kula deni lako la miezi mitatu." Wiki nne zile sikuingia jiko lile. Nilikuwa chumba cha pili na unga mpaka viwikoni, nikiwagombeza watoto wa watu wanaofungua tanuri kabla ya wakati. Nisikufiche, mikate nimeanza kuipenda. Unga haujibu.

Siku ya mtihani msimamizi alitoka Mwanza, mama mmoja mkali mwenye miwani, wa aina ninayoipenda. Magige alipangiwa supu ya viazi, sato na sosi ya limao, na ugali wa wimbi. Limbu anasema Magige alionja mara nne, kijiko kipya kila mara. Msimamizi aliuliza ni nani aliyemfundisha ile sosi. Limbu alikuwa tayari kuinama apokee sifa, Magige akasema, "Ni mama mkwe wangu, yupo chumba cha pili." Amefaulu, kaka. Themanini na sita. Januari anaanza kazi kambini, na Ester na mtoto watahamia karibu naye.

Jumapili iliyopita walikuja kwangu. Yaani Ester aliingia, na Magige akabaki nje ya ua na Limbu, kama inavyotakiwa. Alikuwa amepika chakula kilekile cha mtihani nyumbani kwao, Ester akanitengea mezani, nikala peke yangu. Nilikula polepole kwa makusudi, mwalimu ni mwalimu. Huko nje nilisikia Limbu akimwambia, "Kimya hiki kibaya, jiandae kukimbia." Sato alikuwa laini, na ile sosi, Batholomeo, ningeweza kuiweka mbele ya mtu yeyote duniani bila kuomba radhi.

Nikapaza sauti dirishani nikiwa nimegeukia ukuta ili tusionane, "Magige! Chumvi imetosha!"

Kisha nikamsikia akijibu kutoka ng'ambo ya ua, "Asante mama. Sasa ruhusu na mimi nile, njaa inaniua."

Nikafunga dirisha ili ale kwa amani.

Nisalimie wifi Mokami, na Nashoni na wanawe wote, na mzee Nyangwine mkikutana naye misani. Rhobi na Ester wanakuamkia. Mungu akulinde pamoja na goti lako, na mvua ya Songea ikunyeshee kwa kiasi. Ukinijibu, nibishie kidogo, nisije nikazoea vibaya.

Mimi dada yako akupendaye hata unapokosea,

Veneranda